Wiki moja ndani ya gari-nyumba

Jamani, tumerudi salama! Mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe tumezunguka kaskazini mwa Uskoti kwa gari-nyumba la kukodi. Ni mara yetu ya kwanza.

Tulianzia mji wa Inverness, tukafuata ile njia ya mzunguko ya NC500 (North Coast 500), kama kilomita 830. Njia ya mlimani iitwayo Bealach na Bà tuliikwepa. Barabara yake inapanda hadi mita 626 kwa kona kali, na magari makubwa kama letu hayashauriwi kupita. Kule barabara nyingi ni za gari moja tu: mkikutana, mmoja anajibanza kwenye nafasi ya kupishana, mnapungiana mkono, safari inaendelea.

Usiku wa kijiji cha Durness sitausahau. Juu kabisa kaskazini, mbele ni bahari tu. Mvua inagonga paa, mama kawasha jiko la gesi, chai ya tangawizi inachemka, harufu imejaa gari zima. Watoto wamebanana kwenye kitanda cha juu ya dereva, wanamsikiliza bibi yao akiwasimulia Sungura na Fisi. Hakuna aliyeulizia simu!

Mnaopanga kwenda, fungeni kabati zote kabla ya kuwasha gari, maana sisi sahani tatu zilivunjika kona ya kwanza. Tangi la choo mwageni sehemu maalumu za kambini tu. Na kiangazi visubi wa kule wanauma kweli, bebeni dawa ya kujipaka.

Mama ameshauliza tunaenda lini tena.