Kioo cha mbele cha gari la zamani kilichogoma kufunguka: usikisukume

Ushauri wa kwanza niliopewa: "Kaa ndani, kisukume kwa viganja, kitaachia." Kitaachia kweli, vipande vipande. Kwenye gari la miaka ya 1930, kioo kinachofungukia juu kwa bawaba kimeshikwa na fremu nyembamba ya chuma. Kutu ikiota ndani ya fremu huvimba na kukikaba kingoni, na ufa huanzia hapohapo.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kupulizia mafuta ya kulainisha kutu kila mahali. Raba inayozunguka fremu iliyalamba, ikavimba, ikanata kuliko mwanzo. Tena kioo cha tabaka mbili hakipatani na mafuta: utando wa katikati huachia ukingoni na kubaki ukungu mweupe usiofutika. Mafuta ni ya chuma tu.

Kumbe kilichoshika zaidi ni raba iliyogandana na rangi. Dawa yake ni mshipi wa kuvulia samaki, ule wa kusokotwa. Nililegeza nati za mikono ya pembeni inayoshikilia fremu (moja ilizikwa chini ya rangi, nikaidhania sehemu ya bodi kwa siku mbili), nikabandika tepu kulinda rangi, nikainua mdomo wa raba kwenye kona ya chini kwa kadi ya plastiki na kupenyeza mshipi. Mmoja ndani, mmoja nje, mnavutana kwa zamu kama msumeno, maji ya sabuni yakidondoka muda wote. Mshipi mkavu hupata joto ukakatika. Upande wa chini ulikula saa nzima. Pembeni dakika chache.

Fremu ikasogea milimita 2, ikagota. Hapo ndipo zamu ya bawaba: mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, matone matatu kwa sindano kwenye kila pini, jioni tatu mfululizo. Tikisa kila mara, maana hujitenga, na funika rangi, maana asetoni huila. Joto la draya ya nywele latosha. Moto wa gesi hupasua kioo. Nikawa naicheza fremu mbele na nyuma, milimita 2 zikawa 5, kisha ikafunguka yote. Gharama? Sehemu ndogo tu ya bei ya kioo.

Raba mpya usiinunue kwa kukisia. Weka vidonge vya udongo wa kuchezea pale raba inapokaa, funga kioo, pima unene wao, ongeza milimita 1 au 2 upate unene wa raba, kisha ipake grisi ya silikoni. Ikizidi hapo utakaza nati kwa nguvu, na fremu itapinda.