Kutoka Uasin Gishu hadi Beit Sahour

Basi lilikuwa ndiyo kwanza linatoka uwanja wa ndege wa Ben Gurion, na mwongozaji wetu, Myahudi wa makamo mwenye kofia ya turubai, akawa anatuuliza mmoja mmoja tumetoka sehemu gani ya Kenya. Walionitangulia walisema Nakuru, Kericho, Kapsabet. Aliitikia kwa kichwa tu. Nilipotaja Eldoret, kaunti ya Uasin Gishu, alicheka mpaka akashusha maikrofoni.

"Mwalimu," akasema, maana alikwisha sikia wenzangu wakiniita hivyo, "kumbe wewe unatoka kwenye ile ardhi tuliyoikataa!"

Mimi hufundisha historia, kwa hiyo hakunikuta mtupu. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao, wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi makazi huku Afrika Mashariki. Vitabuni mpango huo huitwa wa Uganda, lakini uwanda wenyewe ulikuwa Uasin Gishu, pale tunapolima mahindi na ngano leo. Mkutano wao mjini Basel nusura uvunjike kwa ajili yetu. Tume ilitumwa kuja kuangalia, na mwaka 1905 wakasema hapana. Baadaye wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari ya kukokotwa na ng'ombe, mji ukazaliwa kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee wetu bado huuita Sisibo.

"Na wenyeji waliulizwa?" nilimuuliza.

"Wenyeji gani?" Akanyamaza kidogo. "Hapana. Hilo sikuwahi kulifikiria."

Hiyo ilikuwa Januari 2020, wiki chache kabla korona haijafunga viwanja vya ndege. Tulikuwa mahujaji 28, wengi wa kanisa moja. Galilaya na ubatizo wa mto Yordani nitayaruka. Kila aliyekwenda amekwisha kuwasimulia, na maji yalikuwa baridi kupita kiasi.

Hoteli yetu ilikuwa Bethlehemu kwa sababu bei za Bethlehemu ni nafuu kuliko za Yerusalemu. Lakini mwongozaji wetu hakuingia nasi. Kabla ya mji kuna bango jekundu la lugha tatu linalowaambia raia wa Israeli kwamba mbele ni Eneo A, yaani chini ya mamlaka ya Wapalestina, kwamba kuingia ni kuhatarisha maisha yao na ni kosa kisheria. Basi lilisimama kando ya barabara, akashuka, akapanda mwingine, Mpalestina Mkristo wa Beit Jala. Walikabidhiana orodha ya majina yetu na kuulizana habari kwa Kiebrania. Huyu wa pili alituambia wamekuwa wakipokezana mahujaji hivyo kwa miaka 11. Nikamuuliza kama amewahi kula kwa mwenzake. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kwenda mwezini. Namba za simu, wanazo.

Bibi mmoja wa Kapsabet, mkubwa kuliko sisi wote, ambaye tulimwita Gogo, yaani nyanya, alikuwa ameegemea dirisha akiutazama ukuta. Pale Bethlehemu ni zege tupu, kwenda juu mita 8 hivi. "Mwalimu," akaniambia, "ukuta huu ni boma la kuzuia chui au la kuzuia ng'ombe?" Sikuwa na jibu. Baadaye niligundua kwamba jibu hutegemea umemuuliza nani. Wa upande wa Israeli atakuambia ulianza kujengwa mwaka 2002, wakati mabomu ya kujitoa mhanga yalipokuwa yakilipuka ndani ya mabasi na migahawa, na kwamba milipuko ilipungua. Wa upande wa pili atakuonyesha mahali ambapo umepita katikati ya shamba la mizeituni la baba yake.

Asubuhi niliamka nikimbie. Mtu wa Eldoret akilala mahali bila kukimbia hajafika. Nilishuka kutoka Uwanja wa Hori nikitegemea kunyoosha kilomita kumi, na kabla pumzi haijakaa sawa ukuta ukawa mbele yangu. Nikageuka, nikapanda, nikashuka kwingine, ukuta tena. Kijana aliyekuwa akifungua duka la mikate ya ufuta alinicheka, akanieleza kwamba huko kwao kuna marathoni tangu 2013, na kwamba wanariadha huizunguka njia ileile zaidi ya mara moja, kwa kuwa hakuna kilomita 42 za mfululizo ambazo mtu anaweza kukimbia bila kukutana na kizuizi. Nimesoma mengi kuhusu mgogoro huu, lakini sijapata kuuelewa kwa miguu kama siku ile. Chora ramani utakavyo. Nchi ambayo haitoshi marathoni moja, anayeiita dola ana kazi ya kunieleza.

Ramani yenyewe ikatoka siku ileile jioni. Ilikuwa Jumanne, tarehe 28. Wafanyakazi wa hoteli waliacha vyombo wakasimama mbele ya televisheni, nasi tukasimama nyuma yao. Donald Trump alikuwa Ikulu ya Marekani na Benjamin Netanyahu ubavuni, akitangaza alichokiita mpango wa amani. Yerusalemu haitagawanywa. Makazi ya walowezi wa Kiyahudi yatabaki Israeli. Wapalestina watapata dola, wakitimiza masharti, ya vipande vilivyoungwa kwa barabara, madaraja na mahandaki, na mji mkuu wao uwe huko nje ya ukuta, upande wa Abu Dis. Ukumbini watu walipiga makofi. Gogo hakujua Kiarabu, na Kiingereza alikijua cha kuombea maji tu, lakini aliyahesabu yale majukwaa.

"Hao wawili ndio wanaogombana?"

"Hapana, Gogo. Mmoja tu."

"Na yule mwingine yuko wapi?"

Nilimtafsiria mpishi aliyekuwa karibu. Akacheka kicheko kikavu, akamletea Gogo chai ya majani ya maramia, sage kwa Kiingereza, bila kuagizwa.

Kesho yake tulipelekwa Beit Sahour, kwenye malisho ya wale wachungaji wa Injili, na baadaye kwa mzee mmoja anayechonga vinyago vya mzeituni. Wenzangu walikuwa wakichagua ngamia na vihori. Mimi na Gogo tulikaribishwa kahawa ya iliki, na mzee, aliposikia tunafuga, alitusimulia habari ya ng'ombe 18. Wakati wa intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya Israeli, watu wa Beit Sahour waliamua kutonunua maziwa ya Israeli. Wakanunua ng'ombe 18, tena kutoka kibbutz, kijiji cha ushirika cha Wayahudi, wakaanza kukamua wenyewe. Jeshi likatangaza kwamba ng'ombe wale ni hatari kwa usalama wa taifa, wafungiwe au watolewe. Wenye mji wakawaficha. Askari wakawasaka nyumba kwa nyumba, na maziwa yakaendelea kuwafikia watu.

Gogo alicheka mpaka akafuta machozi na leso. Kisha akauliza swali la mfugaji: "Yule aliyewauza alijua wanakwenda wapi?"

"Alijua," mzee akasema. "Alitufundisha kukamua."

Nimekaa na sentensi hiyo miaka yote hii.

Niliwaeleza habari zetu nami, kwa sababu mzee aliuliza. Kwamba Januari mosi 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kilomita chache kutoka Eldoret, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto na majirani likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo. Kwamba mwishoni mwa Februari Kofi Annan aliwakalisha Kibaki na Raila, wakatia saini, tukapata serikali ya kugawana madaraka tuliyoiita nusu mkate. Mzee akalipenda sana neno hilo, akalirudia kwa Kiarabu kwa mwanawe: nusu mkate.

"Sisi tulikwisha kuikubali, na haikuwa hata nusu," akasema. "Ukingo wa Magharibi na Gaza ni asilimia 22 ya Palestina ya Waingereza. Mwaka 1993, kwa makubaliano ya Oslo, Arafat wetu alimpa Rabin, waziri mkuu wa Israeli, mkono kwa ajili ya kipande hicho. Nilicheza dansi hapo nje, mtoto wangu begani. Tangu siku hiyo kipande nacho kinaliwa." Kweli, hesabu zipo: mwaka ule wa kupeana mikono walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Yerusalemu Mashariki, walikuwa kama 110,000. Siku tuliyokaa tukinywa kahawa walikuwa wamepita 400,000.

Nikamuuliza anadhani suluhu itatoka wapi. Aliposikia neno hilo la Kiswahili alinishika mkono. Wao wanasema sulha. Mtu akiua, hakuna anayekimbilia kupeana mikono. Kwanza wazee wanaoheshimiwa, jaha, huenda kwa wafiwa. Kahawa humiminwa na haiguswi mpaka wafiwa wakubali ombi. Linalokubaliwa kwanza ni hudna, muda wa kutolipiza. Aliyekosa akiri. Fidia ijadiliwe. Mwishoni kabisa, mbele ya watu, bendera nyeupe hufungwa mafundo na wadhamini, ndipo mikono hupeanwa.

"Oslo ilianzia kwenye mikono," akasema, akarudi kwenye patasi yake.

Nilidhani nimepata jibu. Lakini usiku, nikiwaza Kiambaa, nikaona sisi pia tulianzia kwenye mikono. Nani alikiri? Tofauti ni kwamba baada ya saini ile tulirudi kuwa raia wa nchi moja, sanduku moja la kura, na mlinda lango wa shamba langu ni mtoto wa waliofukuzwa. Mchongaji wa Beit Sahour na yule mwenye kofia ya turubai hawana hata pa kukutania wagombane.

Ijumaa tulikuwa Yerusalemu, Kanisa la Kaburi Takatifu. Juu ya mlango, chini ya dirisha, kuna ngazi fupi ya mbao isiyofanya kazi yoyote. Iko hapo kwenye michoro ya karne ya 18. Kanisa hilo lina madhehebu sita ndani yake, na amri ya Sultani wa Uthmaniya ya 1852 iliagiza kila kitu kibaki kilivyo, kwa hiyo hakuna wa kuiondoa ngazi. Ufunguo wa mlango uko mikononi mwa familia za Kiislamu, maana Wakristo hawakuaminiana. Mwaka 2002 mtawa mmoja wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini, juu ya dari wanakokaa Waethiopia, na watu 11 wakaishia hospitali.

Wenzangu walisikitika. Mimi nilipata moyo kidogo, ingawa si kwa sababu ya ngazi. Lile jengo dogo linalofunika kaburi lenyewe Waingereza walilifunga vyuma mwaka 1947 lisianguke, na kwa miongo mingi wakubwa watatu wa kanisa hawakupatana namna ya kulikarabati. Mwaka 2015 polisi wa Israeli walilifunga kwa saa kadhaa kwa kuwa lilikuwa hatari kwa watu. Ghafla wakapatana. Kazi ilianza 2016, Machi 2017 vyuma vikawa vimetolewa. Hawakupatana kwa kupendana. Kila mmoja aliona linamwangukia yeye pia, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwatoa wenzake.

Hilo la pili ndilo linalokosekana nje ya kanisa. Israeli ina nguvu, na wako ndani yake, hata serikalini, wanaoamini kwamba wakisubiri vya kutosha ardhi yote itakuwa yao. Nao Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha lililotawala Gaza, waliamini kwamba wakiua vya kutosha mwenzao ataondoka. Mwenye tumaini la mkate mzima hazungumzii nusu.

Njiani kurudi Ben Gurion nilimweleza hayo mwongozaji wa Kiyahudi. Hakukasirika. Alisema mwaka 1947 Umoja wa Mataifa uligawa nchi, wazazi wake wakakubali, Waarabu wakakataa. Mwaka 2000 kwenye mazungumzo ya Camp David, Marekani, ikakataliwa tena, na badala ya jibu likaja bomu kwenye basi analopanda mkewe. Mwaka 2005 walitoka Gaza na walowezi wao wote, wakavuna roketi. "Mwaka 1995 nililia Rabin alipouawa," akasema, "na aliyemuua ni Myahudi mwenzangu. Nilikuwa mtu wa amani, Mwalimu. Nimechoka tu." Akanipa namba yake.

Oktoba 7, 2023 nilikuwa nasahihisha mitihani. Watu kama 1,200 waliuawa Israeli siku hiyo katika shambulio la Hamas, 251 wakatekwa. Kisha vita vya Gaza, ambako wizara ya afya ya huko ilikuwa imehesabu waliokufa zaidi ya 60,000 kabla ya silaha kunyamazishwa Oktoba 2025, na hata baada ya hapo hazikunyamaza zote. Krismasi ya 2023 Bethlehemu hawakuwasha mti. Mahujaji walikoma.

Mwezi wa Novemba mwaka ule nilipata ujumbe kutoka kwa mwenye kofia ya turubai. Mwanawe alikuwa ameitwa jeshini. Hakuandika mengi juu ya hilo. Alitaka kujua kama nina namba ya yule wa Beit Jala, kwani ile aliyokuwa nayo ilikuwa haipatikani, na kama ninayo nimuulize yu salama.

Nilikuwa nayo, ya mwana wa huyo wa Beit Jala. Nikaandika kutoka Eldoret. Jibu lilikuja baada ya siku nne: "Mwambie niko hai. Mengine asiniulize kwa sasa."

Nikalituma lilivyo.