Changuu na Nakupenda: uliza maji kwanza

Ndiyo kwanza tumerudi Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, kutoka kisiwa cha Changuu na fungu la Nakupenda. Chumvi bado iko mwilini.

Leo maji ni ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku kama hizi hapa Unguja maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na yakirudi yanarudi kwa kasi. Fungu la Nakupenda ni mchanga mtupu, halina hata mti. Saa nne ni refu, jeupe. Alasiri limezama.

Leo mchanga ulikuwa unakatika huku watu bado wanakula pweza. Mwavuli mmoja ulibaki umesimama ndani ya maji. Nimeshindwa kuacha kuutazama.

Kwa hiyo ondoka mjini saa mbili. Changuu kwanza, nusu saa kwa boti ya mashine. Maji yakiwa madogo boti haifiki ufukweni, utashuka maji ya magotini. Vaa kaptura.

Kobe wa kule asili yao Shelisheli, waliletwa 1919. Wape mchicha, wakune shingo taratibu, watainyoosha. Usiwakalie! Gereza la hapo Changuu nalo lilijengwa miaka ya 1890 lakini halikufunga wafungwa. Likawa karantini ya wagonjwa wa homa ya manjano.

Patana bei ya boti nzima, si ya kichwa. Uliza kama kiingilio kimo. Maboya yahesabuni kabla ya kupanda.

Mnaokwenda wikiendi hii, semeni siku gani tuangalie mwezi. Na nahodha gani mnamwamini?