Tangi la Volkswagen ya baba nililiokoa kwa siki na mnyororo wa baiskeli
Volkswagen ya marehemu baba, Beetle ya mwaka 1971, ilikaa uani kwetu Tanga miaka 11 bila kuwashwa. Nilipoifufua, injini ilishika vizuri, lakini haikuvuka kilomita 2. Inakohoa, inazima, ukisubiri dakika 10 inawaka tena kama si yenyewe. Fundi wa kwanza akanibadilishia kabureta. Wa pili, pampu. Wa tatu akasema niweke filta mbili niendelee na safari. Injini ya Beetle iko nyuma, tangi liko mbele, na hakuna aliyefungua boneti ya mbele kulitazama; hilo linaniudhi mpaka leo. Kutu ya ndani ya tangi inavutwa na petroli, inaziba njia. Gari likizima kutu inatulia, mafuta yanapita tena. Gari likizima na kuwaka hivyo, dalili ya tangi lenye kutu ndiyo hiyo.

Tangi la Beetle limeshikwa na bolti 4 tu. Nikalitoa, nikamulika tochi ndani: kutu imebanduka kama magamba ya samaki, na chini petroli ya zamani imeganda, nyeusi, inanuka vanishi. Lilikuwa limeachwa nusu, kwa hiyo sehemu ya juu iliyokuwa tupu ndiyo iliyoliwa zaidi. Gari la kuegesha muda mrefu lijaze pomoni.

Baada ya kuliosha kwa sabuni mpaka harufu ikaisha, nilianza na kokoto kama nilivyoshauriwa. Usithubutu. Zilisagika zikaacha mchanga, nikaukung'uta siku mbili nzima. Ndipo nikachukua mnyororo mkuukuu wa baiskeli, nikaufunga waya mwishoni ili nikimaliza niuvute wote utoke mdomoni. Tangi nikalivisha kitenge, nikalining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mwembe. Watoto wa kaka yangu wakalisukuma kama bembea alasiri nzima, mnyororo ukikwangua ndani chakacha, chakacha, na kila nusu saa tunaligeuza upande. Kutu iliyomwagika ilijaa kopo la maziwa!

Kisha siki nyeupe, lita 20, nikajazia maji. Ilinila kama elfu hamsini hivi. Siku ya pili ikaanza kuchuruzika: matundu mawili, membamba kama ya sindano, ambayo kutu ilikuwa imeyaziba. Nikaimwaga kwenye ndoo, nikasuuza, bati linang'aa kama sufuria mpya. Nikaliacha likauke, nikalala. Asubuhi ndani kote rangi ya chungwa. Bati likitoka kwenye siki liko uchi, unyevu wa usiku mmoja unalimaliza.

Mchomeleaji mmoja aliniambia nimpelekee apige moto, eti tangi tupu halina shida. Tangi tupu ndilo la kuogopa, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Nikaenda kwa mzee anayeziba rejeta.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kalioshe tena kwa sabuni na maji ya moto, ndipo uniletee.”

Nilipolirudisha, alilisugua kwa msasa mpaka matundu yakazungukwa na bati jeupe, akapasha chuma chake cha shaba kwenye mkaa, mbali kabisa, akaja kukigusisha. Lehemu ikatiririka kama nta. Alichukua elfu ishirini na kitu.

Nikairudisha siki ile ile, safari hii usiku mmoja tu. Nikasuuza kwa maji ya magadi soda kuua ukali, kisha maji yanayochemka ili bati lenyewe lishike joto. Dada yangu akanishikia drayer ya saluni mdomoni mwa tangi. Lilipokauka tu, nikamimina lita moja ya dizeli, nikalizungusha kila pembe ipate, nikaimwaga.

Filta niliiweka mbele, chini ya tangi. Wengi huifunga kwenye injini, na mpira ukichomoka kule petroli inamwagikia chuma cha moto.

Jumapili mama alikaa kiti cha mbele, tukaenda Muheza na kurudi. Haikukohoa hata mara moja. Nyumbani niliinama nikaitazama filta: petroli safi, hamna hata chembe.