Siku Moja Maishani Mwangu: Kumwachisha Ndama Maziwa Wakati wa Kiangazi Nachingwea

Saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa saba huwa na baridi hapa Nachingwea, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzoa samadi na kutandaza majani makavu mahali anapolala ndama. Mama anakamua, nami namnywesha mtamba wetu, ndama jike wa miezi minne, lita moja na nusu ya maziwa kwenye ndoo. Maziwa ya jioni tulishayaondoa.

Saa moja na nusu nakagua hori lake, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Jana nilimpimia kilo moja ya pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, na leo nakuta konzi mbili zimebaki pembeni, zimelowa mate. Nawamwagia kuku, kwa kuwa ndama hukataa chakula kilichochacha. Wafugaji wengi huachisha maziwa kwa kuhesabu miezi tu, jambo ambalo mimi naliona ni kumwonea mnyama. Ndama huwa tayari anapomaliza takribani kilo moja ya pumba hizo kwa siku, siku tatu mfululizo. Maziwa anayokunywa hupita moja kwa moja hadi tumbo la nne kati ya manne aliyo nayo, ilhali tumbo kubwa, ambalo atalitegemea maisha yake yote, hukomazwa na nafaka zinazochachuka ndani yake. Akikatiwa maziwa kabla halijakomaa hudhoofu, manyoya yakamsimama, na kiangazi hiki hakuna majani mabichi ya kumwinua.

Saa tatu tunasomba maji kwa baiskeli. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 50 na zaidi kwa siku, lakini ndama naye lazima awekewe maji yake safi, maana maziwa hayafiki kwenye tumbo kubwa, na bila maji pumba haziwezi kuchachuka humo.

Saa tano nashusha majani ya karanga kutoka uchanjani. Tuliyakausha kivulini baada ya kuvuna, na bado yana rangi ya kijani na harufu nzuri. Hayo ni ya ndama. Wakubwa wanapata mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ambayo yanashibisha lakini yana protini kidogo sana, ndiyo maana nawaongezea mashudu.

Saa nane nawakagua masikio mmoja mmoja, kwa sababu kupe wa masikioni ndiye anayeeneza ndigana kali. Nampapasa mtamba chini ya sikio kuona kama tezi imevimba, haijavimba, nashukuru.

Saa kumi jioni, wakati wa kukamua, mtamba analia akisikia ndoo. Namwekea pumba saa hiyohiyo ili apate cha kumshughulisha. Mdogo wangu anapendekeza tumhamishie zizi la wakubwa na kumkata pembe wiki hiihii, mambo yaishe kwa pamoja. Nakataa, kwani ndama anayepoteza maziwa, makazi na pembe kwa mkupuo hupoteza hamu ya kula, na magonjwa humpata kwa urahisi. Mama ananiunga mkono: "Mwacheni kwanza ale, wanangu."

Saa moja usiku nampimia tena kilo moja kamili. Akiimaliza siku tatu mfululizo, ndipo nitakapoondoa maziwa ya asubuhi.