Malkia Daemok na sheria ya watumwa ya 956

Wengi wetu Unguja na Pemba tumeijua Korea kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na nyingi ni za zama za Joseon. Dola iliyoitangulia, Goryeo, ina mwanamke mmoja wa kusomwa kwa makini: Malkia Daemok.

Baba yake ni Wang Geon, aliyeasisi Goryeo mwaka 918. Alioa wake 29, wengi wao mabinti wa mabwana wa majimbo, maana kila ndoa ilikuwa ahadi ya amani na ukoo wenye ardhi na askari. Mama yake Daemok alitoka ukoo wa Hwangbo wa Hwangju. Mume wa Daemok, mfalme Gwangjong, naye alikuwa mtoto wa Wang Geon, kwa mke wa ukoo wa Yu wa Chungju. Baba mmoja, mama mbali. Kwetu ni haramu. Kwa nasaba ile ilikuwa njia ya kuzuia kiti kisiingiliwe na wakwe. Binti wa mfalme akiolewa hivyo alichukua jina la ukoo wa mama, ndiyo maana Daemok anaandikwa Hwangbo. Asiyelijua hilo humdhania mtu wa nje, na nasaba yote humchanganya.

Gwangjong alitawala toka 949 hadi 975. Mwaka 956 aliamuru watumwa wachunguzwe mmoja mmoja: aliyekuwa huru kabla ya vita vya kuiunganisha nchi, akatekwa au akazama katika deni, arudishiwe uhuru wake. Mtu huru hulipa kodi kwa mfalme. Mtumwa humlimia bwana wake, na vita vikija humbebea silaha. Kwa hiyo amri moja iliwapunguzia mabwana mali na askari, ikamjazia mfalme hazina. Mzanzibari anayejua mashamba ya karafuu yalivyotegemea mikono ya watumwa kabla ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa ataelewa upesi kwa nini mabwana hao walipiga kelele.

Daemok alimsihi mumewe aiache sheria ile. Akakataa. Kumwita malkia huyu mtetezi wa wanyonge, kama wengine wapendavyo, ni kosa kubwa: naamini alikuwa akizitetea koo kubwa, na wa kwanza ni wajomba zake. Lakini ujasiri ule ni wa kweli, kwani toka 960 Gwangjong aliua wakubwa wengi, hata mtoto wake wa kiume aliyezaa na Daemok akawa anashukiwa na baba yake.

Mtoto huyo ndiye Gyeongjong, aliyetawala toka 975 hadi 981. Baada yake akaja Seongjong, mtoto wa kaka yake Daemok, aliyelelewa na bibi yake, mama mzazi wa Daemok, na kumuoa Mundeok, binti wa Daemok. Mwaka 982 waziri Choe Seungno alimwandikia Seongjong waraka wa mambo 28, na humo akakumbusha kwamba malkia alisihi asisikilizwe. Mwaka 987 Seongjong akaweka sheria ya kuwarudisha utumwani walioachwa huru kisha wakawavunjia heshima mabwana wao wa zamani.