Nilivyoikokotoa sekta ya saruji, vioo na vigae

Nilipopewa kazi ya kuandika tathmini ya uchumi wa viwanda vya bidhaa za madini yasiyo ya metali, jina lenyewe lilinichosha kabla sijaanza. Nikafungua ISIC toleo la 4, uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, divisheni ya 23. Humo wamerundikwa wote: kioo, matofali ya kuchoma, vigae, vyombo vya kauri, saruji, chokaa, jasi, zege, hata mawe ya kuchonga. Nikajiuliza, bilauri ya maji na mfuko wa saruji vina undugu gani?

Nikakosea mapema. Nilichukua mauzo ya viwanda vya saruji, nikaongeza ya viwanda vya matofali ya zege na nguzo, nikapata jumla nono. Mwenzangu aliyezoea hesabu za taifa akaitazama, akauliza, "Saruji iliyomo kwenye hayo matofali umeihesabu mara ngapi?" Mara mbili. Kazi ya siku tatu ikaenda na maji. Nikaanza upya kwa ongezeko la thamani, yaani mauzo ukitoa malighafi, nishati na huduma zilizonunuliwa. Jumla ikasinyaa vibaya.

Kilichonisaidia baadaye ni kuiuliza kila bidhaa mambo mawili: bei yako inastahimili safari ya umbali gani, na umekula moto kiasi gani? Saruji ni nzito na kilo yake ni ya bei ndogo, kwa hiyo lori huila faida upesi. Ndiyo maana kiwanda hujengwa karibu na mawe ya chokaa na huuza jirani. Kinachovuka bahari mara nyingi ni klinka, yaani vinundu vigumu vinavyotoka tanuruni kabla ya kuwa saruji, ikasagwe na jasi huko iendako. Zege bichi halifiki popote, huanza kuganda njiani. Vyombo vya kauri, vyenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, huzunguka dunia.

Moto ulinifundisha zaidi. Klinka huiva kwenye nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Tanuru kubwa la kioo nalo likishawashwa huunguruma usiku na mchana kwa miaka kumi au zaidi, maana kulizima ni kuliharibu. Hapo nikaelewa kwa nini vioo viliendelea kutoka kiwandani wakati bei imeanguka. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba takwimu zina kosa!

Kisha hewa ya ukaa. Tani moja ya mawe safi ya chokaa ikichomwa hubaki kilo 560 za chokaa. Kilo 440 hupaa kama hewa hiyo kutoka ndani ya jiwe, hata kuni zingekuwa jua lenyewe. Gharama ya hewa hiyo nikaitoa kwenye safu ya mafuta, nikaipa safu yake. Rasimu iliporudi ilikuwa na wino mwekundu kila ukurasa, isipokuwa wa jedwali hilo.